Tutumiane vipi data za setilaiti? Jibu kwa wahandisi wa Nairobi

SWALI: Mhandisi, pokea salamu kutoka Nairobi. Sisi ni kikundi cha wahitimu wa uhandisi, na tunasanifu setilaiti ndogo ya aina ya CubeSat pamoja na kampuni moja ya Ulaya. Wenzetu wametuandikia kwamba data zote za uhandisi wa mfumo tutumiane kwa viwango huria, yaani miundo ya data iliyo wazi, isiyofungwa kwenye programu ya kampuni moja, wakataja STEP, ReqIF, SysML na FMI. Hadi leo tumekuwa tukitumia Excel na PDF. Tuchague kipi kati ya hivyo vinne? Na je, isingekuwa rahisi zaidi kununua programu zilezile wanazotumia wao, mambo yakaisha?

JIBU: Salamu zimefika, na hongereni kwa kazi. Nitaanza na swali la pili, kwa sababu ndilo litakalowagharimu fedha mkilijibu vibaya.

Kununua programu zilezile hakumalizi jambo. Mwaka 2006 Airbus walikuwa wakiunganisha ndege zao kubwa za abiria za A380 mjini Toulouse, Ufaransa. Sehemu za kiwiliwili zilifika kutoka Hamburg na nyaya zake, na ndege moja ilihitaji takriban kilomita 530 za waya. Mafundi walipoanza kuunganisha mafungu ya nyaya wakakuta mengine hayafiki, na mengine hayapiti mahali yalipochorwa yapite. Timu za Ujerumani na Hispania zilikuwa zikichora kwa programu ya usanifu ya CATIA toleo la 4, za Ufaransa na Uingereza kwa toleo la 5. Jina la programu ni moja, mtengenezaji ni mmoja, Dassault Systèmes, lakini mabadiliko yaliyofanywa upande mmoja hayakuwa yakifika upande wa pili yakiwa kamili. Kulikuwa na sababu nyingine pia: nyaya za alumini, zilizochaguliwa ili kupunguza uzito, hazikunjiki kwenye kona kali kama za shaba. Hata hivyo pengo la data ndilo lililofanya kosa lisionekane mpaka nyaya zilipokuwa mikononi mwa mafundi. Tangazo la ucheleweshaji la Juni 2006 lilishusha bei ya hisa za EADS, kampuni mama, kwa takriban asilimia 26 kwa siku moja. Mwanzoni mwa Julai wakuu wawili, Noël Forgeard na Gustav Humbert, walijiuzulu. Singapore Airlines walikabidhiwa ndege ya kwanza tarehe 15 Oktoba 2007.

Kwa hiyo mkinunua programu ya wenzenu, bado mtalazimika kununua toleo lilelile, nyongeza zilezile, na kuzisasisha siku ileile wanayosasisha wao. Mnajua wenyewe kama bajeti yenu inaruhusu.

Jambo la pili ni umri. Ndege ya mwisho ya kivita ya B-52 ilitoka kiwandani mwaka 1962, na Jeshi la Anga la Marekani linakusudia kuendelea kuzitumia hadi miaka ya 2050. Programu ya usanifu ikipita miaka kumi bila kubadilisha muundo wa mafaili yake ni bahati. Mamlaka za usalama wa anga nazo hudai kumbukumbu za usanifu wa ndege zipatikane muda wote ndege za aina hiyo zinapoendelea kuruka. Ndiyo maana kampuni za Ulaya na Marekani ziliungana kwenye kazi inayoitwa LOTAR, iliyozaa kiwango cha EN 9300, kinachojulikana Marekani kama NAS 9300, ambacho hueleza namna ya kuhifadhi modeli ili mtu wa kizazi kingine aweze kuzifungua na kuziamini.

Setilaiti yenu haitaishi miaka 60, hilo naelewa. Lakini ya pili itatokana na ya kwanza. Kenya ilianza na 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi Mei 2018 kwa ushirikiano na JAXA, shirika la anga la Japani. Ikafuata Taifa-1, iliyorushwa Aprili 2023, ambayo wahandisi wa Kenya waliishughulikia pamoja na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria. Kutoka moja hadi nyingine washirika walibadilika. Nanyi mtabadilisha. Leseni ikiisha muda wake na fedha za mradi zikiwa zimekwisha, modeli iliyofungiwa ndani ya programu ya mshirika wa zamani itabaki yenu kwa jina tu. Wenzenu wamewaomba jambo jema, na faida yake kwenu ni kubwa kuliko kwao, maana mkubwa ana uwezo wa kununua leseni ya kila programu sokoni. CubeSat yenyewe ni tunda la kiwango kilichowekwa wazi: vipimo vya sentimita 10 kila upande, vilivyoanzishwa mwaka 1999 na Jordi Puig-Suari wa Cal Poly na Bob Twiggs wa Stanford, vyuo vikuu vya Marekani, ndivyo vilivyoviwezesha vyuo vyenye fedha kidogo kupata nafasi kwenye roketi za wengine.

Sasa swali la kwanza. Hamchagui kimoja kati ya vinne, kwa sababu kila kimoja kinabeba mzigo wake. STEP hubeba umbo la vitu. ReqIF hubeba mahitaji, yaani yale ambayo mfumo umetakiwa kuyafanya. SysML hueleza mfumo umegawanyika vipi na sehemu zake zinahusiana vipi. FMI hubeba tabia ya mfumo unapouiga kwenye kompyuta.

STEP ndiyo kongwe na ndiyo iliyokomaa. Jina lake rasmi ni ISO 10303. Kazi ilianza mwaka 1984 na sehemu za kwanza zikachapishwa mwaka 1994. Chukueni faili la STEP mlifungue kwa kihariri cha maandishi cha kawaida. Mstari wa kwanza utasema ISO-10303-21, kisha kichwa kitataja faili limefuata itifaki ipi ndani ya kiwango hicho, kisha mistari yenye namba, kila mmoja ukieleza pointi, ukingo, uso au kipande. Yote yamo kwenye maandishi, na mtu mwenye nakala ya kiwango anaweza kuandika programu yake ya kulisoma hata kama mtengenezaji wa programu ya awali ameshafunga duka. Ombeni itifaki ya AP242, ambayo ilitoka mwaka 2014 ikiziunganisha AP203 ya watu wa ndege na AP214 ya watu wa magari. Hii hubeba hadi ustahimilivu wa vipimo, yaani kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kupotoka, kama data ambayo mashine inaisoma, na toleo lake la pili la mwaka 2020 likaongeza mafungu ya nyaya, jambo lilelile lililowasumbua Airbus.

Lipo ambalo STEP haibebi, na ni bora mlijue mapema. Mpokeaji anapata umbo lakini hapati hatua zilizolizaa: ni kama kupewa chapati bila kuonyeshwa unga ulivyokandwa. Akitaka kusogeza tundu milimita mbili, kwenye programu nyingi itambidi alichonge upya. Basi kubalianeni tangu mwanzo kwamba kila kipande kina upande mmoja tu unaokihariri. Mwingine anakisoma na kutoa maoni.

ReqIF asili yake ni watengenezaji wa magari wa Ujerumani, waliohitaji kutumiana mahitaji na wagavi wao, na OMG, shirika la kimataifa la viwango vya programu, ikaipitisha kuwa kiwango mwaka 2011. Uzuri wake uko kwenye mwendo wa kazi. Mwenye mahitaji anatuma faili. Mgavi anaongeza kwa kila hitaji safu ya "tumekubali", "tumekubali kwa sharti" au "hatukubali", pamoja na maelezo. Faili linarudi, na programu ya mwenye mahitaji inajua hasa kila jibu liende wapi kwa sababu kila hitaji lina kitambulisho kisichobadilika. Jaribuni kufanya hivyo kwa PDF yenye mahitaji 300 halafu mahitaji 40 yabadilike katikati ya mwezi. Hapo mtaona kwa nini wameiomba. Tatizo huwa kwenye majedwali na picha zilizopachikwa ndani ya hitaji, ambazo hupotea au kuharibika kati ya programu moja na nyingine. Dawa ni kuandika kila hitaji kwa sentensi inayojitegemea, na mchoro uwekwe kando ukiwa na namba yake. Kwa upande wa programu, StrictDoc ni huria, inasoma na kuandika ReqIF, na inawatosha kikundi cha ukubwa wenu.

SysML inahitaji tahadhari zaidi. Toleo la kwanza, lililochapishwa na OMG mwaka 2007 baada ya kazi ya pamoja na INCOSE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa mifumo, lilikuwa lugha ya michoro, na kubadilishana kulifanyika kwa mafaili ya XMI, muundo wa maandishi wa kubebea modeli. Kwenye karatasi kila programu iliandika XMI. Kwenye kazi, kila mtengenezaji aliongeza vya kwake, na mara nyingi modeli ilifika upande wa pili michoro ikiwa imevurugika au imetoweka kabisa. Mhandisi aliyekaa wiki nzima akipanga mchoro na kuupokea tena ukiwa orodha ya majina hataki tena kusikia habari za viwango, na simlaumu. Toleo la pili, lililopitishwa na OMG mwaka 2025, limejengwa upya kutoka chini. Sasa lugha ina maandishi pamoja na michoro, kwa hiyo modeli inaweza kukaa kwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili, kama programu nyingine yoyote na mkaona mstari uliobadilika na aliyeubadilisha. Pia kuna kiolesura rasmi kinachoruhusu programu moja kuiuliza nyingine kuhusu modeli moja kwa moja, bila kutumiana mafaili. Nina matumaini makubwa nalo. Lakini watengenezaji wa programu bado wako njiani, hivyo waulizeni wenzenu swali moja la wazi: toleo la kwanza au la pili? Wakijibu la kwanza, tumieni programu ileile kwa sehemu hiyo peke yake, na ikiwezekana iwe ya huria, mfano Capella iliyotoka kampuni ya Thales ya Ufaransa, au Papyrus. Ingawa Capella ina lugha yake inayofanana na SysML, kila mtu anaweza kuipakua bure, na hilo linaondoa nusu ya tatizo.

FMI inawafaa kuliko mnavyodhani. Ilizaliwa kwenye mradi wa Ulaya wa MODELISAR, toleo la kwanza likatoka mwaka 2010 na la tatu mwaka 2022, na leo inaangaliwa na Chama cha Modelica, watunzaji wa lugha ya kuandikia modeli za uigaji. Kifurushi chake ni faili la zip: ndani mna maelezo ya vigezo vinavyoingia na kutoka, na modeli yenyewe ikiwa imeshakusanywa kuwa programu inayotekelezeka. Tuseme wenzenu wana modeli ya gurudumu la kuelekeza setilaiti na hawataki kuwaonyesha milinganyo yake. Wanawapa kifurushi, ninyi mnakiunganisha na modeli yenu ya betri na paneli za jua ndani ya OpenModelica, programu huria ya uigaji, mnaona gurudumu linavyokula umeme kila linapogeuka, na siri yao inabaki kwao. Kwenye miradi ya ulinzi, ambako mgavi mmoja mara nyingi ni mshindani wa mwenzake kwenye zabuni inayofuata, sifa hii peke yake imeifungulia FMI milango mingi.

Huenda mtaulizana kwa nini hakuna kiwango kimoja kinachobeba yote. Kilijaribiwa. AP233, ndani ya familia hiyohiyo ya ISO 10303, kilichapishwa mwaka 2012 kwa ajili ya uhandisi wa mifumo kwa upana wake, lakini watengenezaji wa programu hawakukikumbatia. AP243 cha mwaka 2021 kimeshika njia ya unyenyekevu zaidi: hakijaribu kubeba modeli, kinaeleza tu muktadha wake, yaani nani aliiandaa, kwa swali gani, kwa toleo lipi la mahitaji na kwa ruhusa ipi. Kikundi chenu hakikihitaji, ila wazo lake lichukueni, maana linatufikisha kwenye kiini cha jibu langu.

Kiwango husafirisha mlichokubaliana. Hakiwezi kukubaliana kwa niaba yenu. Tarehe 23 Septemba 1999 NASA walikipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter. Programu ya ardhini ya Lockheed Martin ilikuwa ikitoa msukumo wa injini ndogo kwa paundi-sekunde, na waongozaji wa njia wa JPL, maabara ya NASA, wakausoma kama nyutoni-sekunde, tofauti ya mara 4.45. Chombo kilichotarajiwa kupita takriban kilomita 226 juu ya Mirihi kilishuka hadi kama 57. Waraka wa kiolesura ulikuwepo, na ulitaka nyutoni. Faili lilisomeka vizuri kila lilipotumwa. Namba ilifika salama salimini, na maana yake ikabaki nyuma. Kwenye FMI kila kigezo kinaweza kutangazwa pamoja na kipimo chake, kikafungwa kwenye kilo, mita na sekunde, na programu ikagundua kutolingana kabla ya mtu. Lakini sehemu hiyo ya kipimo inaruhusiwa kuachwa tupu, na nimekuta vifurushi vingi vilivyoachwa tupu. Wekeni sharti kwamba kigezo kisicho na kipimo hakipokelewi.

Shirika la Anga la Ulaya lina desturi moja ambayo ningependa muiige kesho asubuhi. Kwenye kituo chao cha usanifu wa pamoja kule Noordwijk, kilichoanza mwaka 1998, wataalamu wa umeme, joto, njia na gharama hukaa chumba kimoja wakiendeleza modeli moja. Waraka wao wa kiufundi, ECSS-E-TM-10-25, umeweka kanuni kwamba kila kigezo kina mwenyewe mmoja. Uzito wa betri ni wa mtu wa umeme. Mtu wa muundo anauona na anautumia, lakini haubadilishi, na mwenyewe akitangaza thamani mpya wote waliojiandikisha wanajulishwa. Programu yake huria inaitwa COMET. Kwa watu wachache hamtaihitaji. Jedwali linatosha, lenye jina la kigezo, thamani, kipimo, mwenyewe, toleo na tarehe, likahifadhiwa kama maandishi ya CSV kwenye Git. Kwa hiyo Excel yenu msiitupe. Bajeti ya umeme na ya uzito zikae humo humo, mradi kila safu ina mwenyewe na kipimo. PDF ibaki kwa ajili ya saini.

Kabla ya kutuma chochote cha kweli, fanyeni jaribio la kwenda na kurudi. Vyama vya PDES cha Marekani, prostep ivip cha Ujerumani na AFNeT cha Ufaransa huendesha raundi za aina hii kwa watengenezaji wa programu: huyu anatuma modeli, yule anaipokea, kisha wanalinganisha ujazo, eneo la uso na kitovu cha uzito kabla na baada. Namba hizo zinaweza kuandikwa ndani ya faili la STEP lenyewe, ili mpokeaji yeyote apime alichopokea dhidi ya alichokusudia mtumaji. Ninyi chukueni kipande kimoja kidogo, tuseme kibanio cha betri, pamoja na mahitaji yake kumi na modeli yake ya joto. Watumieni wenzenu, wabadilishe kitu kimoja kwenye kila faili, wawarudishie. Ujazo umebaki uleule mahali pasipoguswa? Vitambulisho vya mahitaji ni vilevile? Alama za nyuzijoto na mikroni zimesalimika? Joto lililokokotolewa upande wenu linalingana na la kwao? Kila kilichopotea kiandikeni, na mkubaliane namna ya kukikwepa. Kazi hii ifanyike kabla ya mapitio ya kwanza ya usanifu, wakati kubadilisha utaratibu bado hakumuumizi mtu.

Lipo jambo la kisheria linalosahaulika. Kiwango kuwa huria hakuzifanyi data kuwa huria. Vifaa vya setilaiti huangukia mara nyingi kwenye sheria za udhibiti wa usafirishaji, ITAR (zana za kijeshi) au EAR (vitu vingine) kwa vyenye asili ya Marekani na Kanuni namba 2021/821 ya Umoja wa Ulaya kwa vitu vyenye matumizi ya kiraia na ya kijeshi, na kwa mujibu wa sheria hizo kumtumia mtu mchoro kwa barua pepe ni kusafirisha. Waombeni wenzenu waandike kwenye kila faili ni daraja gani na nani anaruhusiwa kulifungua, na jibu lao mlihifadhi.

Na kama mkataba haujasainiwa, ombeni kifungu hiki kiingie: kwenye kila hatua ya makabidhiano, modeli zote zitolewe kwa muundo wake wa asili na pia kwa AP242, ReqIF na FMI, matoleo yakitajwa kwa namba, SysML iongezwe kwa toleo mtakalokuwa mmekubaliana, jedwali la vigezo liambatanishwe, na kikundi chenu kiwe na haki ya kuzitumia data hizo kwenye setilaiti zitakazofuata. Sehemu ya mwisho ndiyo watakayotaka kuijadili zaidi, na hiyo msiilegeze.